Shajara ya mradi: mRNA safi kutoka benchi la Mwanza

Lengo la mradi ni dogo na linapimika: kutengeneza mRNA (ujumbe ambao seli huusoma ili itengeneze protini) ya lusiferasi (protini ya kimulimuli inayotoa mwanga), kuisafisha hadi seli zisiione kama mvamizi, kuifunga kwenye chembe za lipidi, kisha kuhamia kwenye antijeni (sehemu ambayo kinga hujifunza kuitambua) ya kichocho. Hakuna kitu humu cha kumchoma binadamu. Ni kazi ya benchi, ya kujenga mikono na vipimo.

Mpangilio umefuata historia ya utafiti wa Katalin Karikó, mwanabiolojia wa Hungaria aliyehamia Marekani mwaka 1985 na kushiriki Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2023 na Drew Weissman. Hatujamfuata kwa sababu ya tuzo. Protokali za leo zinakuja zikiwa zimepikwa na kuiva, na anayezifuata bila kujua kila mstari uliingia kutatua tatizo gani hukwama siku matokeo yanapoharibika. Kwa hiyo kila tatizo kubwa alilokutana nalo tumeligeuza jaribio moja.

Februari: maji na mvuke

Adui wa kwanza ni ribonukliasi, vimeng'enya vinavyokata RNA. Vipo kwenye ngozi, jasho, mate na vumbi, na havihitaji madini wala msaidizi yeyote ili vifanye kazi. Ribonukliasi A ikichemshwa hujikunja upya ikipoa na kuendelea kukata, ndiyo maana kutakasa kwa mvuke peke yake hakutoshi.

Maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani, na mvua zikianza tope huongezeka. Vichujio vya mwanzo vya mtambo wa maji safi hujaa mapema kuliko ratiba ya kitabu inavyosema. Hilo linaonekana kwa macho. Lisiloonekana ni hili: kipimo cha mtambo kinasoma megaohm-sentimita 18.2 (ukinzani wa umeme wa maji) na kila mtu anaridhika, ilhali namba hiyo inahesabu ayoni tu na haijui chochote kuhusu vimeng'enya. Maji yanaweza kusoma 18.2 yakala RNA yako yote. Kinga ni kichujio cha mwisho cha ultrafiltresheni kwenye mdomo wa kutolea maji, maana ribonukliasi A ina uzito wa kilodaltoni 13.7 hivi na haipiti kwenye kichujio cha kilodaltoni 5.

Pasipo kichujio hicho, tumia DEPC, kemikali inayoharibu ribonukliasi: mililita 1 kwa lita ya maji, tikisa, acha usiku kucha, kisha tia kwenye otoklevu (mtambo wa kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo) ili mabaki yavunjike kuwa etanoli na hewa ya kaboni. Bafa (kimiminika kinachotuliza pH) ya Tris usiitie DEPC, kwa sababu Tris huikamata kabla haijafanya kazi. Tengeneza Tris kwa maji yaliyokwisha kutibiwa. Vyombo vya kioo huokwa nyuzi 240 kwa saa nne.

Kuhusu otoklevu: Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88. Geji ya kawaida inapima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo psi 15 zinazoandikwa kwenye vitabu vya pwani hapa zinaleta nyuzi 119, si 121. Ili ufike 121 geji isome karibu psi 17. Mashine inayoongozwa na kipimajoto haina shida hii. Ile ya sufuria ya mkono ndiyo inayodanganya.

Jaribio la kupima maji: mikrogramu 1 ya RNA nzima ndani ya mikrolita 10 za maji yanayoshukiwa, nyuzi 37 kwa saa moja, sambamba na nyingine kwenye maji ya chupa yaliyothibitishwa. Zipitishe kwenye jeli, ambayo kwa umeme hutenganisha RNA kwa urefu. Mstari ukibaki mkali, maji yanafaa. Ukigeuka ukungu unaoteremka, tafuta chanzo. Jeli yenyewe ni agarozi asilimia 1 iliyotiwa dawa ya klorini ya kufulia, mililita 1 kwa kila mililita 100, ambayo huua ribonukliasi za kwenye kisanduku cha jeli na kufungua mikunjo ya RNA. Iwe isiyo na manukato. Maelekezo hayo yanadhania hipokloriti ya asilimia 6. Nyingi za dukani ni dhaifu kuliko hapo, soma lebo.

Machi: kiolezo

Plazimidi yetu (DNA ya duara inayokuzwa ndani ya bakteria, ndiyo kiolezo) ina kianzishi cha T7 (mahali polimerasi ya T7, kimeng'enya kinachotengeneza RNA, huanzia), jeni ya lusiferasi, na mkia wa adenini umeandikwa humohumo kwenye DNA. Mkia mrefu mfululizo huwachanganya bakteria, wanaufupisha kila kizazi. Tiba tatu: wakuze kwa nyuzi 30 badala ya 37, usiwaache wazeeke kwenye chupa, na ugawe mkia vipande viwili vyenye kitenganishi kifupi katikati. Comirnaty, chanjo ya UVIKO-19, ina mpangilio wa namna hiyo, adenini 30, kitenganishi cha herufi 10, halafu adenini 70. Soma mfuatano wa mkia kila unapovuna plazimidi upya. Mkia uliofupika hauonekani kwenye jeli ya kawaida. Utauona wiki kadhaa baadaye kwenye seli, mwanga ukiwa hafifu, na hapo utalaumu kitu kingine.

Kabla ya unukuzi (kunakili DNA kuwa RNA) plazimidi lazima ikatwe inyooke. Tunatumia kimeng'enya cha BspQI, kinachofanya kazi kwa nyuzi 50 na kukata mwishoni kabisa mwa mkia bila kuacha herufi za ziada. Mkato usiokamilika ni kosa la gharama: polimerasi ikikutana na plazimidi ya duara huzunguka bila kusimama na kutoa RNA ndefu isiyo na maana, huku ikimaliza malighafi. Jeli ya kuthibitisha mkato haichukui saa moja. Hakuna sababu ya kuiruka.

Aprili: unukuzi

Mchanganyiko wa mikrolita 20, namba zote zikiwa za mwisho ndani ya mrija: Tris milimola 40 ya pH 8, magnesiamu asetati milimola 16.5, DTT milimola 10, spermidini milimola 2, kila moja ya nyukliotidi nne milimola 5, CleanCap AG (kofia ya mwanzo wa mRNA) milimola 4, kizuia ribonukliasi yuniti 1 kwa mikrolita, pirofosfatasi kidogo, kiolezo mikrogramu 1, na polimerasi ya T7 yuniti 8 kwa mikrolita. Nyuzi 37, saa mbili hadi tatu. Likienda sawa, hutoa mikrogramu 80 hadi 100.

Yanayoharibika hapa yanajulikana:

Spermidini ikikutana na DNA kwenye barafu, DNA hujigandisha. Changanya kwa joto la chumba, na polimerasi iingie mwisho.

Magnesiamu hushikwa na nyukliotidi, karibu ayoni moja kwa kila nyukliotidi. Ukiongeza nyukliotidi bila kuongeza magnesiamu, polimerasi inabaki na njaa. Ukizidisha magnesiamu, unaongeza RNA ya nyuzi mbili, ambayo ndiyo kero kuu ya shajara hii.

Mchanganyiko ukigeuka mweupe kama maji ya mchele, ni pirofosfati ya magnesiamu imejikusanya. Pirofosfatasi imekufa au haikuwekwa. RNA bado imo, lakini mavuno yatapungua.

CleanCap AG inahitaji kiolezo kinachoanza AGG mara baada ya kianzishi. Plazimidi nyingi za zamani zinaanza GGG. Kwa hizo kofia haikai, na mRNA isiyo na kofia ribosomu (kiwanda cha protini cha seli) haiitambui.

Baada ya hapo DNase dakika 15 kuondoa kiolezo, kisha lithiamu kloridi: ongeza maji hadi mikrolita 50, ongeza mikrolita 25 za molari 7.5, ukae nyuzi 20 chini ya sifuri kwa nusu saa, sentrifuji dakika 15 kwa nyuzi 4, osha kwa etanoli asilimia 70. Mashapo yasikauke hadi yapasuke, hayatayeyuka tena vizuri. Yeyusha kwenye sodiamu sitreti milimola 1 ya pH 6.5. Uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280) ukaribie 2.0. Ni kipimo cha lazima, ila kinapongeza RNA chafu na safi kwa sauti ileile.

Mei na Juni: uchafu usioonekana

Hapa ndipo mradi ulipotumia muda mwingi, na tunadhani ndipo maabara yoyote ya ukanda huu inapaswa kuutumia.

Karikó alifika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1989 akitaka mRNA iwe dawa. Protini aliipata kwenye seli. Fedha za utafiti hazikuja, na mwaka 1995 chuo kilimshusha cheo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alianza kufanya kazi na Weissman, mtaalamu wa kinga, na seli za kinga zikaonyesha tatizo ambalo seli nyingine zilikuwa zimelificha: mRNA ya maabara iliwasha uvimbe. Kilichowapa fununu ni kwamba RNA ya kawaida ya mamalia, hasa tRNA yenye marekebisho mengi ya kikemia, haikuwasha. Mwaka 2005 walichapisha kwamba kubadilisha yuridini (moja ya herufi nne za RNA) kwa pseudoyuridini na nyingine za jamii hiyo kunatuliza vipokezi vya TLR, walinzi wa seli wanaotambua RNA ngeni. Mwaka 2008 walionyesha kwamba mRNA ya namna hiyo inatoa protini nyingi zaidi pia. Watu wengi huishia hapo wanaposimulia. Makala tunayoithamini zaidi ni ya mwaka 2011: hata mRNA yenye nyuklosidi zilizorekebishwa bado iliamsha interferoni (ishara ya seli ya kujikinga na virusi) hadi ilipopitishwa kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha molekuli) kuondoa RNA ya nyuzi mbili.

Nyuzi mbili zinatoka kwa polimerasi yenyewe. Ikifika mwisho wa kiolezo, wakati mwingine RNA hujikunja na mwisho wake ukawa kianzio cha uzi wa pili. Au polimerasi huanza upande usiostahili na kunakili uzi pinzani. Lithiamu kloridi haitoshi kuziondoa. Seli inaziona kama dalili ya virusi, inaamsha PKR, protini ya ulinzi, na PKR inafunga utengenezaji wa protini. Mtu anaona mwanga mdogo, anaongeza dozi ya mRNA, na kwa kuongeza dozi anaongeza uchafu.

HPLC hatuna. Tumetumia selulosi, njia iliyochapishwa mwaka 2019 na isiyohitaji zaidi ya sentrifuji ndogo. Bafa: HEPES milimola 10 ya pH 7.2, EDTA milimola 0.1, chumvi milimola 125, etanoli asilimia 16. Kwenye etanoli ya kiwango hicho nyuzi mbili hushika selulosi na uzi mmoja hupita. Gramu 0.14 za selulosi kwenye safuwima ndogo, RNA ndani ya bafa hiyohiyo, tikisa nusu saa kwa joto la chumba, zungusha, chukua kinachopita, rudia kwenye selulosi mpya. Waliochapisha walitoa angalau asilimia 90 ya nyuzi mbili na kubaki na zaidi ya asilimia 65 ya RNA.

Etanoli ndiyo roho ya njia hii, na etanoli inaruka. Chumba kikiwa na nyuzi 28 au 30 alasiri na chupa ya bafa iko wazi, asilimia 16 haibaki 16. Ikishuka, nyuzi mbili zinapita pamoja na nzuri. Ikizidi, RNA nzuri nayo inashika na mavuno yanaporomoka. Tengeneza bafa asubuhi kiasi cha siku, funga kifuniko kila baada ya kuchota, mwaga inayobaki.

Kipimo ni doti za kingamwili J2, inayoshika RNA ya nyuzi mbili, kwenye utando wa nailoni, nanogramu 200 kwa doti, pamoja na ngazi ya RNA ya nyuzi mbili ya kiwango kinachojulikana. Usitumie poly(I:C), RNA bandia ya nyuzi mbili, kama kigezo; J2 inaishika kwa ulegevu, na utadhani sampuli yako ni chafu kuliko ilivyo. J2 pia haioni vipande vifupi kuliko jozi 40 hivi. Doti safi si hati ya usafi kamili.

Kisha seli. Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye ripoti ni kupima kila kitu kwa HEK293, seli za binadamu za maabara, kwa sababu zinakua haraka na zinapokea mRNA kwa urahisi. HEK293 za kawaida hazina TLR7 wala TLR8 za maana, na TLR3 zake ni chache. Timu ya mwaka 2005 ililazimika kuwaingizia seli hizo vipokezi kimoja kimoja ili vijibu. Ukipima humo tu, mRNA chafu na safi zinaweza kuonekana ndugu. Tumetumia A549, seli za pafu zinazotoa interferoni beta zikikutana na nyuzi mbili.

Makundi: yuridini ya kawaida isiyosafishwa, yuridini ya kawaida iliyosafishwa, N1-methili-pseudoyuridini (ya jamii ya pseudoyuridini) isiyosafishwa, na N1-methili-pseudoyuridini iliyosafishwa. Pembeni, lipidi tupu, na mRNA iliyokatwakatwa kwa makusudi na ribonukliasi. Hili la mwisho watu hulisahau. Likitoa interferoni, kinachowasha si RNA, bali pengine sumu ya bakteria iliyofuatana na plazimidi. Nanogramu 100 kwa kisima cha sahani ya visima 96, mwanga upimwe baada ya saa 6 na 24, majimaji ya juu yachukuliwe baada ya saa 24 kupima interferoni kwa ELISA.

Mpangilio uliotoka ndio uliotarajiwa: la kwanza kutoka mwisho kwa mwanga na la kwanza kwa interferoni ni la kawaida lisilosafishwa; bora kwa yote mawili ni lililorekebishwa na kusafishwa. Linalostahili kuandikwa ni makundi ya katikati. Lililorekebishwa bila kusafishwa bado lilitoa interferoni inayopimika, na la kawaida lililosafishwa lilipanda sana kwa mwanga. Nyukliotidi ya N1-methili ni ghali; selulosi ni ya bei ya chini. Kwa mRNA ya kujifunzia kwenye A549, anayeweza kumudu kimoja tu aanze na selulosi. Kwa chanjo hoja inabadilika, maana mwilini seli za kinga zina TLR zote. Kampuni ya CureVac ilitumia yuridini ya kawaida kwenye chanjo yake ya UVIKO-19 kwa mikrogramu 12, na matokeo ya mwisho ya mwaka 2021 yalikuwa kinga ya asilimia 48 hivi. Comirnaty kwa mikrogramu 30 na Spikevax, ya Moderna, kwa 100, zote zenye N1-methili, zilikuwa zimepita asilimia 90 kwenye majaribio yao. Dozi na aina za virusi vilitofautiana, kwa hiyo usitundike tofauti yote kwenye herufi moja.

Julai: baridi

Kifupi, kwa kuwa ni mambo ya matunzo. Vitendanishi vinashukia Dar es Salaam kisha Mwanza. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Barafu kavu kwenye sanduku la povu hupungua kilo 2 hadi 5 kwa saa 24, hesabu na Jumapili na sikukuu. Sanduku lisizibwe kabisa, gesi inahitaji pa kutokea. Vimeng'enya viko kwenye gliseroli na hukaa nyuzi 20 chini ya sifuri bila kuganda. Friza zinazojiyeyushia barafu zenyewe hupandisha joto kila mara na kuviua taratibu.

Friza kubwa tumeiweka nyuzi 70 chini badala ya 80. Kompresa inapumzika, umeme unapungua, RNA haijali. Iko nyuma ya stabilaiza yenye kuchelewesha kuwaka kwa dakika tano, kwa sababu umeme unaporudi ukikatika tena ndani ya sekunde chache ndio unaounguza kompresa, kuliko kukatika kwenyewe. Kichujio cha kondensa kinasafishwa mara mbili kwa mwezi, mara moja ikiwa baada ya mwezi mwandamo. Wadudu wa ziwani huibuka kwa mawingu siku hizo, wanafuata taa, na asubuhi wavu umezibwa. Ofisi za mbali na maji hazina kipengele hicho kwenye ratiba zao.

Agosti: lipidi

Uwiano wa molari ni wa Spikevax: SM-102 (lipidi inayoshika RNA) 50, DSPC 10, kolesteroli 38.5, PEG2000-DMG 1.5. Uwiano wa naitrojeni ya SM-102 kwa fosfati ya RNA ni 6. Hesabu kwa mikrogramu 100 za mRNA: nyukliotidi moja ina uzito wa wastani wa daltoni 330, kwa hiyo fosfati ni mikromoli 0.303, mara 6 ni mikromoli 1.82 za SM-102, yaani miligramu 1.29. Vingine vinafuata: DSPC miligramu 0.287, kolesteroli 0.541, PEG-lipidi 0.137. Vyote kwenye etanoli mikrolita 250. DSPC hujitenga etanoli ikiwa baridi. Pasha nyuzi 37 hadi iwe angavu kabisa, hasa asubuhi ikiwa kiyoyozi kimelala kikiwaka.

mRNA iko kwenye bafa ya sitreti milimola 50, pH 4, mikrolita 750. SM-102 ina pKa karibu 6.7: kwenye pH 4 ina chaji chanya na inashika RNA, kwenye pH ya damu haina chaji na haichomi seli. Pampu ya sirinji inasukuma vyote viwili kwenye chipu ya mifereji, uwiano 3 kwa 1, jumla mililita 12 kwa dakika. Msonga ugali anajua unga ukiingia bila mwiko kuzunguka unapata madonge. Lipidi nazo kasi ikishuka hutoa chembe kubwa zisizolingana. Matone ya kwanza, kabla mtiririko haujatulia, hutupwa, na kwenye mililita 1 hiyo ni hasara ya robo. Bora kundi la mikrogramu 300.

Pampu iwe kwenye UPS. Jenereta ikichukua zamu katikati ya msukumo, kundi zima limekwisha.

Dayalisisi (kusafisha kupitia utando wenye matundu madogo) papo hapo, kwa saa nne kisha usiku kucha kwa nyuzi 4, kuondoa etanoli na kupandisha pH. Kwa kuhifadhi kwenye friza tumia Tris na sukrozi asilimia 8, si PBS: fosfati ya sodiamu hujitenga wakati wa kuganda na pH inashuka. Vigezo vya kupokea kundi: kipenyo nanomita 70 hadi 110, PDI (kipimo cha kutofautiana kwa ukubwa) chini ya 0.2, RNA iliyofungwa zaidi ya asilimia 90 kwa RiboGreen, rangi inayong'aa ikishika RNA. Hii ya mwisho hupimwa mara mbili, bila Triton X-100 (sabuni inayovunja chembe) na ukiwa nayo. Bila Triton unaona ya nje tu. Ngazi ya viwango itiwe Triton pia, kwa kuwa inabadilisha mng'ao.

Makundi ya Agosti yalipita kipenyo na PDI. Ufungaji ulipita kwa RNA iliyosafishwa siku hiyohiyo, ukashuka chini ya 90 kwa ile iliyoyeyushwa na kugandishwa mara kadhaa. Kuanzia sasa RNA inagawanywa kwenye mirija ya matumizi ya mara moja.

Septemba: kinachofuata

Kiolezo kipya ni kitanzi cha nje cha Sm-TSP-2, protini ya ngozi ya *Schistosoma mansoni*, mdudu wa kichocho cha tumbo anayesumbua vijiji vya kando ya ziwa na visiwa, kuanzia Ilemela hadi Ukerewe. Protini hiyo imekwisha kujaribiwa kwa binadamu kama chanjo ya kawaida ya protini, kwa hiyo kingamwili za kulinganishia zinapatikana. Kwenye oda ya kiolezo: AGG mwanzoni, ishara ya kutoa protini nje ya seli, mkia wa vipande viwili, eneo la BspQI mwishoni tu na pasiwe na jingine ndani ya jeni. Maeneo ya N-glikosilesheni yatengenezwe kwa matoleo mawili, lenye na lisilo, kwa kuwa seli ya binadamu inaweza kubandika sukari mahali ambapo mdudu haweki, na kingamwili zikajifunza umbo ambalo halipo kwenye minyoo.

Selulosi mpya imeagizwa pamoja na hydrometa ya etanoli. Wanyama hawataguswa hadi kibali cha maadili kitoke.